Habari za Kibogoyo

Mpendwa Zuhura,

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba barua yako niliipata na nilicheka peke yangu ulipouliza kama Kibogoyo, aksoloti wangu, "yule mjusi wako wa majini", bado yu hai. Yu hai. Ila ni mgonjwa, tena mgonjwa hasa, na ndiyo sababu jibu limechelewa.

Wewe unamkumbuka kwa ule uso wake wa kutabasamu, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Aksoloti, amfibia wa majini wa jamii ya salamanda, hutabasamu akiwa mzima na hutabasamu akiwa taabani, kwa kuwa mdomo wake umeumbwa hivyo. Anayetaka kujua hali yake aangalie matamvua, yale matawi matatu kila upande wa kichwa yenye nyuzi laini. Ya Kibogoyo yalianza kujikunja kuelekea mbele, kisha yakapauka, nyuzi zikapukutika. Ncha ya mkia nayo ikajipinda. Chakula akakisusa, nikimning'inizia mnyoo mbele ya pua anageuza kichwa taratibu, yeye ambaye alikuwa anarukia hata kivuli cha kidole changu! Halafu tumbo likaanza kujaa, michirizi myekundu ikatokea chini ya ngozi ya mapaja, na kwenye tamvua moja pakaota utando mweupe kama pamba.

Kumpata daktari wa wanyama anayewajua amfibia ilikuwa kazi, maana wengi ni wa mbwa na paka. Niliyempata hakushtushwa sana na ule utando. Alisema hiyo ni kuvu, na kuvu huja baada ya mwili kudhoofika. Kilichomtia wasiwasi ni tumbo na ile michirizi, dalili kwamba bakteria wameingia kwenye damu na figo huenda zimeguswa. Alivuta maji kidogo tumboni kwa sindano ili yapimwe, akampima Kibogoyo uzito, gramu kwa gramu, kwa sababu dozi ya antibiotiki inafuata uzito na kwa kiumbe mdogo hivi kosa dogo ni kubwa. Sindano za dawa anachoma yeye. Mimi nimeachiwa maji.

Sasa swali lako la friji, kama ni kweli aksoloti mgonjwa hutiwa humo. Ni kweli watu hufanya. Humtia aksoloti kwenye chombo chenye mfuniko, humpoza polepole hadi nyuzijoto 5 au 8, na humo mwili wake hupunguza kasi, na bakteria na kuvu nao hupunguza kasi. Aliyemeza kokoto zikamziba tumbo, wapo wafugaji wanaoapa kwamba friji ndiyo iliyomwokoa. Lakini kinga ya mwili nayo inalala humo humo, na dawa haifanyi kazi ileile katika mwili uliopoa kiasi hicho. Daktari alisema tubaki kwenye nyuzi 16, tusivuke 18, nami nakubaliana naye. Nikuambie ukweli, nadhani wengi tunaikimbilia friji kwa sababu inatupa la kufanya. Kukaa na mgonjwa bila kumgusagusa ni kugumu zaidi.

Ubaridi wa kiasi, hata hivyo, hauna mjadala. Kwao ni Xochimilco, masalia ya maziwa ya bonde la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huko hayajui joto la sebuleni kwangu. Yakifika nyuzi 24 hata aliye mzima anataabika. Ajabu ni kwamba huko kwao wamekaribia kwisha kabisa, ilhali kwenye matangi ya watu na maabara wamejaa tele, na sehemu kubwa ya ukoo wa hawa wa kufugwa inarudi kwa wale 34 waliopelekwa Paris mwaka 1864. Kwa hiyo usimwite mjusi tena, babu zake walivuka bahari.

Katika tangi lake la kawaida hayumo. Nimemhamishia kwenye beseni lenye mfuniko. Dawa zikiingia tangini zinaua wale bakteria wema wa kwenye chujio wanaokula amonia, ile sumu itokayo kwenye taka zake, na kuwarudisha huchukua wiki nyingi. Tena ndani ya beseni tupu hakuna kinachonipita: nikiona kinyesi, nikiona ngozi iliyobanduka, najua. Macho yake hayana kope za kufumba, basi beseni nalifunika kwa kitambaa cheusi na taa ya chumba nimeizoea ikiwa imezimwa.

Kubadilisha maji ndiyo shughuli yenyewe. Beseni halina chujio, kwa hiyo amonia anayoitoa mwenyewe inabaki humo humo ikimuunguza ngozi na matamvua. Kila siku maji yote yanatoka. Natayarisha beseni la pili pembeni ya la kwanza, na maji ya bomba nayatia kwanza dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha hakutoshi kila mahali, kwani baadhi ya mabomba yana kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, nayo haipeperuki upesi. Kisha nasubiri mpaka vipimajoto vya mabeseni yote mawili visome sawa. Wavu situmii kabisa, nyuzi za matamvua na vidole vyake hunasa. Nazamisha bakuli chini yake, nasubiri apande mwenyewe, namvusha akiwa ndani ya maji yake. Akikataa kupanda nasubiri tena. Mara nyingine nasubiri mpaka miguu inakufa ganzi.

Ndani ya maji hayo kuna jambo ambalo sikulijua kabla ya ugonjwa huu, na limenishangaza. Ngozi ya aksoloti inapitisha maji. Usiku na mchana maji yasiyo na chumvi yanapenya kuingia mwilini mwake, na figo ndizo zinazoyatoa. Figo zikichoka, yanabaki, anavimba. Ndiyo maana daktari alinipa kipimo cha chumvi za aina kadhaa za kuchanganya kwenye maji ya beseni, hafifu tu, ili maji yapunguze kumwingia na figo zipumue. Kila chumvi naipima kwa mizani, sikisii kwa kijiko.

Hiyo usiichanganye na kuogesha kwa chumvi kali, ambako ni kwa ajili ya kuvu: vijiko viwili vya chai vya chumvi isiyo na iodini kwa kila lita, dakika 10, kisha anarudishwa. Dakika 15 ndiyo mwisho wa mwisho. Daktari aliniruhusu kwa siku chache tu kwa sababu chumvi hiyo inamvua ute unaomlinda ngozi, na mgonjwa asiye na ute amefunguliwa mlango kwa maradhi mengine. Nilikaa na saa mkononi, sikuangalia kitu kingine. Ule utando ulilegea, ukaning'inia, ukabanduka vipande vipande. Kwa kuvu ndogo, wafugaji wengi huridhika na majani makavu ya mkungu ndani ya maji, wala hawafiki kwenye chumvi.

Jirani yangu ananiambia nisihangaike, si kiumbe anayeota mguu upya huyu? Anaota, tena mguu mzima na mifupa yake, na mkia, na hata kipande cha moyo. Laiti angekuwa amekatika mguu! Damu yenye bakteria haioti upya.

Hali yake leo ni hivi. Mashina ya matamvua yameanza kurudisha wekundu, ingawa nyuzi bado ni chache. Michirizi ya mapajani imefifia upande mmoja. Tumbo bado limejaa. Jana jioni nilimpa kipande cha mnyoo kwa kibano. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akafungua mdomo kwa ghafla, kama zamani, maji yakaingia na mnyoo ukaingia. Nilikuwa nimeshaanza kushangilia. Mnyoo ukatoka tena taratibu, ukakwama kwenye mdomo wake, naye akauacha hapo. Simlazimishi. Aksoloti mkubwa aliyekuwa na mwili mzuri anaweza kukaa wiki moja au mbili bila chakula, na chakula kinachobaki majini kinaoza.

Mimi na daktari tumezungumza pia juu ya ule uwezekano mwingine. Tumbo likijaa tena baada ya kuvutwa mara ya pili, na akashindwa kujituliza sakafuni, akawa anaelea ubavu tu, basi atalazwa usingizi wa mwisho kwa dawa hapo hapo kliniki. Nimesoma watu wakishauriana kuwatia kwenye friza eti wanasinzia tu kwa baridi. Si kweli, barafu inaunda chembe ndani ya mwili wa kiumbe aliye hai. Wakati ukifika nitampeleka, na gharama nimeshaitenga.

Kuhusu kuja Jumamosi, njoo, nitafurahi, na siku hiyo kuna sindano. Nitahitaji mtu wa kushika tochi na wa kusoma saa. Ukitoka nyumbani usijipake losheni wala manukato mikononi. Tutanawa kwa maji matupu kabla ya kugusa chochote. Vipimo vya amonia ninavyo, lakini macho yangu yanabishana kila mara kama ile rangi ni njano au imeanza kuwa kijani, nawe macho yako ni makali kuliko yangu. Gandisha chupa mbili tatu za maji za kupozea beseni uje nazo, friza yangu imejaa. Na ile mizani yako ndogo usiisahau, yangu inaruka gramu mbili tatu nikiipimia kitu kilekile.

Wasalimie wote hapo.

Wako,
Mwanaidi