Usihesabu biti, tazama shingo ya mpini

Haipiti wiki hapa dukani kwetu Chake Chake, Pemba, bila mteja kuturudishia bisibisi ya biti za kubadilisha, yaani zile ncha za chuma unazozichomeka kwenye mpini, na lalamiko ni lile lile: "Biti haikai." Fundi kapanda ngazi, kakaza skrubu, anavuta mkono, biti imebaki juu kwenye skrubu au imemwangukia usoni. Kwa wanaofanya kazi ndani ya boti ni tabu zaidi. Ikitumbukia ngamani, chini kabisa ya boti, kwenye maji yaliyochanganyika na mafuta, huioni tena.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, fundi wa mashine za boti anayefanyia kazi Wesha. Aliiweka bisibisi yake juu ya kaunta, akaigeuza mdomo chini, na biti ikatoka yenyewe ikagonga kioo. "Mwanangu, hii niliichukua kwako mwezi wa Ramadhani. Imeshakufa." Nikamwambia, "Hebu tuitazame kwanza, baba, huenda ina roho bado."

Kwenye shingo ya mpini wa aina hii kuna pete ya chuma unayoivuta kwa vidole. Chini ya pete kuna springi, na chini ya springi mna kigololi kidogo kuliko punje ya mtama. Ukiiachia pete, kigololi husukumwa ndani na kuingia kwenye mkato uliozunguka kitako cha biti. Hapo biti haitoki mpaka uivute pete tena. Ndiyo loki yenyewe, hakuna kingine. Ya mzee tulipoivuta ilikwenda nusu ikakwama. Tulipochokoa kwa sindano ilitoka chumvi nyeupe iliyoshikana na mchanga laini, na springi imeganda ndani yake. Tukaiosha kwa maji baridi ya bomba, tukiivuta na kuiachia pete kila mara, kisha kwa maji ya moto ili ikauke upesi. Tukaiacha juani kiasi cha kuswali adhuhuri na kurudi, mwisho matone mawili ya mafuta ya cherehani. Loki ikarudi kupiga "ta!" kama siku aliyoinunua. Hatukumtoza kitu.

Basi kwa kisiwa kama chetu, usafi huu ni sehemu ya kazi. Ukirudi kutoka pwani, suuza shingo ya mpini kwa maji yasiyo na chumvi, ipanguse, itie tone la mafuta. Mafuta ya kupikia usitie, yakikaa hunata. Grisi nzito nayo hukamata mchanga na kuufanya tope.

Lakini si kila biti inayoanguka imeangushwa na chumvi. Nyingi zinaanguka kwa sababu zimetiwa kwenye mpini usio wake, na hili ndilo ninalotaka mlielewe kabla hamjatoa pesa. Biti za kawaida zote zina kitako cha pembe sita cha robo inchi, yaani milimita 6.35, kwa hiyo kila moja inaingia kila mpini. Kuingia ni jambo moja, kufungwa ni jingine. Ile fupi ya milimita 25 ina vikato vidogo kwenye pembe zake tu. Ndefu, ya milimita 50 na kuendelea, ina mkato mpana uliozunguka kitako chote. Mipini mingi ya pete ya kuvuta imetengenezwa kwa ile ndefu. Ukitia fupi, kigololi hakipati pa kukaa, na biti inashikwa na sumaku ya ndani ya mpini peke yake. Fundi anadhani loki ni mbovu, kumbe loki haijafanya kazi hata mara moja.

Mipini mingine haina pete kabisa: ndani mna sumaku, au waya mwembamba wa duara unaobana pembe za biti. Kwa kufunga kabati nyumbani inatosha. Kwa kazi ya juu ya dari au ndani ya boti, mimi sikushauri.

Na sumaku ina jambo jingine kwa watu wa pwani. Sisi tunatumia sana skrubu za shaba na za chuma kisichoshika kutu, kwenye milango na kwenye boti. Shaba haivutwi na sumaku, na chuma hicho cha baharini kwa kawaida hakivutwi, au huvutwa kidogo mno. Mteja anayerudi kusema sumaku ya bisibisi imekwisha nguvu, naomba kwanza aijaribu kwenye msumari. Pia, kwa skrubu hizo tenga biti zake maalumu na uziweke safi. Biti yenye kutu huacha chembe za chuma kwenye kichwa cha skrubu, na baada ya muda utaona madoa mekundu, ukamlaumu aliyekuuzia skrubu.

Tuje kwenye ncha, maana hapa ndipo skrubu zinapoliwa vichwa. Watu huja wakaomba "biti ya nyota" kana kwamba nyota ni moja. Tazama skrubu yako kwa karibu, ikibidi itie mate ung'arishe. Ukiona msalaba mtupu, hiyo ni PH (Phillips), iliyoanza kutumika kwenye magari ya Cadillac huko Marekani mwaka 1936. Ukiona msalaba na vistari vinne vyembamba katikati ya mikono yake, hiyo ni PZ (Pozidriv), na inahitaji biti ya PZ. Skrubu nyingi za makabati na za chipubodi (mbao za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi) zinazotoka Ulaya ni PZ namba 2, na za jipsamu ni PH namba 2. Ukitia PH kwenye PZ utahisi inacheza. Usiongeze nguvu, badilisha biti. Kwa wenye pikipiki na mashine za Kijapani, mara nyingi mtaona kitone kidogo kando ya msalaba. Hiyo ni nyota ya Kijapani, inafanana na PH lakini haikai sawa na PH, na ndiyo maana skrubu za vifuniko vya injini zinaharibika mapema.

Kwa hiyo seti ya biti 32 ndani ya boksi la plastiki haina maana kwangu ikiwa mpini wake unatikisika. Bora mpini mmoja unaofunga, na biti sita unazozijua kwa majina.

Mipini inayokunjwa kuwa kama bastola nayo tunayo, na wengi wanaipenda kwa kuwa inaongeza nguvu ya mkono. Kabla ya kulipa, ifunge, halafu jaribu kuikunja bila kubonyeza kitufe. Ikisogea hata kidogo, irudishe, itakuja kukubana vidole. Yenye racheti, yaani meno ya ndani yanayokaza upande mmoja na kuachia upande wa pili, isitumike kulegezea skrubu iliyoshika kutu. Meno yake ni madogo. Chukua bisibisi ya kipande kimoja, legeza kwanza, kisha malizia na racheti.

Na kwa umeme nitasema waziwazi, hata kama mauzo yatapungua: bisibisi hizi si za kushika nyaya zenye umeme. Mpira wa mpini ni wa kushikia vizuri tu, haukulindi na volti 230. Inayofaa imeandikwa 1000 V pamoja na alama ya pembetatu mbili, na fito yake imevikwa plastiki hadi karibu na ncha. Hata ukiwa nayo, zima swichi kubwa kwanza.

Biti tunauza moja moja, huna haja ya seti nzima. Njoo na skrubu yenyewe, au hata picha yake iliyopigwa karibu, tukuchagulie inayokaa. Mpini wako wa zamani ukikwama pia ulete, hata kama hukuununua kwetu. Kuosha na kutia mafuta ni bure. Springi ikiwa imekatika tutakwambia bei kabla hatujagusa kitu, na kigololi kikiwa kimepotea tutakwambia ununue mpini mpya, kwa sababu vigololi vya kubahatisha tulishavijaribu na havikudumu.