Neno lililoanzia kwenye pindo la nguo

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima na kazi inasonga. Zile kurasa mbili za tafsiri ulizoniomba nizipitie nimezisoma, kisha nikazirudia. Kiswahili chako kinatiririka, na sehemu ya dhoruba niliisoma nimeshika ukingo wa meza. Ila sentensi moja imenikwama: pale nahodha anapotazama chini na kuona meli "imepata orodha".

Najua ulivyofika hapo. Ulikutana na neno "list", kamusi ikakupa "orodha" kwenye mstari wa kwanza, ukaendelea na safari. Mimi niliwahi kutafsiri habari za mgonjwa aliyekuwa "listless", nikaandika "hana orodha", na ikachapishwa hivyo hivyo. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu msomaji alinyimwa hali ya yule mgonjwa. Nakuandikia kwa urefu ili lisikupate na wewe.

Kwenye meli, "list" ni chombo kulalia upande mmoja na kubaki hivyo, kwa sababu maji yameingia au shehena imehama. Usiite mrama. Kwenye mrama chombo huyumba huku na huku, kikilala kinainuka. Chenye "list" hakiinuki. Mwaka 1915 meli ya abiria Lusitania ilipopigwa torpedo na nyambizi ya Kijerumani, ililalia upande wa kulia upesi mno, hata boti za kuokolea watu za upande wa kushoto zikawa zinaning'inia kuelekea sitaha badala ya maji, na kuzishusha ikawa shida kubwa. Dakika kama 18 baadaye meli ilikuwa imezama. Haya yote yamo ndani ya neno lenye herufi nne, na ukiandika "orodha" hakuna hata moja linalomfikia msomaji.

Sasa, limetoka wapi? Ukweli ni kwamba Kiingereza hakina "list" moja. Kina kadhaa, na hazikuzaliwa tumbo moja. Ni kama "paa" letu: lipo paa la nyumba, yupo paa wa porini, kuna kupaa angani na kuna kupaa samaki magamba. Hakuna anayemtafuta mnyama juu ya nyumba, kwa kuwa tumeyazoea. Ya wenzetu hatukuyanyonya na maziwa, kwa hiyo inabidi tuyachimbue.

Anza na hii ya orodha, maana ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Katika Kiingereza cha kale "liste" lilikuwa pindo: ukingo wa kitambaa, utepe, mkanda mwembamba. Mafundi wa nguo waliendelea kuliita hivyo kwa karne nyingi, wakimaanisha ule ukingo uliofumwa kwa nguvu ili nyuzi zisifumuke. Zile tepe zilizokatwa zilifumiwa viatu laini vya ndani, vilivyopendwa kwa sababu havitoi sauti mtu akitembea. Wafaransa nao walikuwa na "liste" na Waitaliano "lista", wote wakiwa wamelichukua kutoka lugha za Kijerumani, na huko likaanza kutumika kwa utepe wa karatasi. Ukiwa na karatasi nyembamba na ndefu, utaandikaje majina? Moja chini ya jingine, mpaka ikome. Polepole jina la ule utepe likahamia kwenye kile kilichoandikwa juu yake, na kufikia mwaka 1600 hivi Waingereza nao walikuwa wanalitumia kwa maana ya orodha.

Wajerumani ndio wana kisa cha kustaajabisha. Neno lao la asili lipo hadi leo, "Leiste", ubao mwembamba wa pembeni au ukingo. Lakini kwa orodha wanasema "Liste", ambalo walilipokea kutoka Kiitaliano. Yaani mtoto wao aliondoka nyumbani, akakulia ugenini, akarudi na kazi mpya, wakampokea bila kumtambua. Mhispania naye hajaitupa maana ya zamani: kwake "lista" ni orodha na pia ni mstari wa rangi kwenye kitambaa. Wala sisi hatuko mbali na mambo haya. "Daftari" tulilipata kwa Waarabu, lakini mizizi yake iko kwenye neno la Kigiriki la ngozi iliyotengenezwa. Kilichoandikiwa kikawa jina la maandishi.

Kutoka kwenye pindo hilo hilo lilichipuka tawi jingine, la mpaka. Uzio wa uwanja ambamo mashujaa wapanda farasi walipigana kwa mikuki uliitwa "lists", na mpaka sasa Mwingereza akisema mtu fulani "has entered the lists" anamaanisha ameingia kwenye mapambano au mabishano. Ukikutana nayo andika "ameingia ulingoni" bila woga. Tumejaliwa kuwa na neno linalokaa pale pale.

"List" ya pili ni kutaka, kupendezwa. Hii ilikuwa "lystan", ndugu wa damu wa "lust", ambalo zamani lilikuwa hamu au furaha tu, kabla ya kubanwa kwenye tamaa ya mwili. Kitenzi chenyewe kimekufa midomoni mwa watu, ila kimeacha yatima mmoja, "listless": asiye na hamu, aliyelegea, asiyevutwa na kitu. Huyo ndiye mgonjwa wangu. Na kama unataka kukisikia kikiwa hai, fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yohana 3:8: "The wind bloweth where it listeth." Watafsiri wetu wakaandika "Upepo huvuma upendako", na mimi sioni namna ya kuliboresha.

Ya tatu ni kusikiliza. Ilikuwa "hlystan", ukoo mmoja na "listen". Ile "h" ya mwanzo ilidondoka, irabu zikasogea, na maneno matatu yasiyojuana yakajikuta yana sura moja. Wapo wanaoamini kwamba hata "list" ya meli, inayoonekana katika karne ya 17, ilitokana na ile ya kutaka, kana kwamba chombo kinapenda upande mmoja. Picha hiyo naipenda, lakini sitaiapia.

Nilipokuwa nayapanga haya nikaenda kwa Shakespeare, kwenye tamthilia yake ya Hamlet, nikayakuta yote isipokuwa la meli. Mwanzoni Horatio, rafiki wa Hamlet, anaeleza kwamba Fortinbras, mwana wa mfalme wa Norwe, ameokoteza "list" ya watu wasioogopa sheria. Chapa ya 1604 ni mojawapo ya ushahidi wa mwanzo kabisa wa maana ya orodha. Laertes anamwonya dada yake asije "list" nyimbo za Hamlet kwa sikio jepesi kuamini. Mzimu wa baba yake Hamlet unamlilia mwanawe, "List, list, O, list!" Muda mfupi baadaye Hamlet anawaapisha wenzake wasije wakadokeza kwa kusema "if we list to speak", yaani laiti tungetaka kusema. Kisha katika sehemu ya nne mjumbe anamkimbilia mfalme: bahari iliyopita "list" yake haiimezi nchi tambarare kwa pupa kuliko Laertes anavyowazidi nguvu walinzi. Orodha, kusikia, kutaka, mpaka. Mtafsiri aliyeshika maana moja tu angezama humo mara nne, na watazamaji wa siku zile walipita bila kujikwaa.

Kwa hiyo kwenye sentensi yako mimi ningeandika: "Nahodha akatazama chini, akaona meli imelalia kushoto, na hairudi." Hayo maneno mawili ya mwisho ni nyongeza yangu, lakini ndiyo yanayobeba tofauti na mrama; ukiona yamezidi, yaondoe. Kitabu ni chako.

Ukurasa wa pili kuna "list" nyingine, pale karani anapoinua karatasi na kuwaita abiria kwa majina. Hiyo usiiguse. Hiyo ni orodha kweli, na kwa alivyoieleza mwandishi, ndefu na nyembamba, iliyolowa pembeni, ni utepe hasa.

Nitumie sura inayofuata ukiimaliza, hata kama haijasafishwa. Nataka kujua kama yule karani aliokoka.

Wako,
Salim