Muulizeni huyo mwanakemia haidrojeni anatoa wapi

Mhariri, salamu. Nimesoma ile stori yenu ya mwanakemia anayetafuta njia ya kugeuza kaboni dayoksaidi iwe mafuta na nikafurahi, manake si kila siku gazeti la Kiswahili linagusa kemia, lakini kichwa cha habari kilinikera. Ati hewa chafu sasa itaendesha magari! Hapa steji Nakuru jamaa wa boda wameshaanza kuulizana petroli itashuka lini.

Mimi ni fundi wa maabara ya shule, wacha niseme ninachojua. Kaboni dayoksaidi ni kama jivu, moto ulishapita hapo, ukitaka iwake tena lazima uirudishie nguvu kutoka mahali pengine, na hiyo nguvu inaletwa na haidrojeni. Molekuli moja ya kaboni dayoksaidi inakula tatu za haidrojeni ndio upate methanoli, aina ya spiriti inayowaka kama mafuta, na maji. Piga hesabu: tani moja ya methanoli inataka karibu tani 1.4 za kaboni dayoksaidi na kilo kama 190 za haidrojeni, na ukiitoa hiyo haidrojeni kwa maji ukitumia stima, kilo moja inameza yuniti 50 na zaidi, kwa hivyo tani moja tu ya methanoli imekula karibu yuniti 10,000. Anayenunua tokeni anajua hizo ni pesa ngapi. Na kama stima yenyewe ni ya jenereta ya dizeli basi afadhali ukae tu, utatoa moshi mwingi kuliko ule unaotumia.

Kazi yenyewe ya huyo mtafiti ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kemia bila chenyewe kuisha, na hapo ndipo mlipita mbio. Wanafunzi wetu wanakijua kwa ule unga mweusi wa manganizi dayoksaidi, ukitia kidogo tu kwa haidrojeni paroksaidi povu linapanda mpaka mdomo wa tyubu, halafu ukichuja ule unga, ukaukausha, ukaupima, uzito ni uleule. Kwa methanoli viwanda vinatumia shaba na zinki oksaidi juu ya alumina, joto nyuzi 200 hadi 300, presha mara 50 hadi 100 ya hewa ya kawaida. Ukiweka nikeli badala ya shaba, gesi zilezile zinakupa methane, mambo ya Mfaransa Paul Sabatier aliyepata Nobel 1912. Lakini kichocheo, hata kiwe kizuri vipi, kinaharakisha tu, hakileti nguvu mpya, na hilo ndilo stori yenu haikusema.

Halafu kuna sulfa. Ukipita Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini, unasikia ile harufu ya yai bovu, hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye sulfa, inatoka na mvuke pamoja na kaboni dayoksaidi, na ikigusa shaba kichocheo kimekufa. Si ati haiwezekani, kule Iceland pale Svartsengi kulijengwa kiwanda kilichopewa jina la mwanakemia George Olah, mwenye Nobel ya 1994, kikapanuliwa baadaye kiweze kutoa hadi tani 4,000 za methanoli kwa mwaka kwa gesi ya mvuke wa ardhini, ila lazima gesi isafishwe kwanza na kusafisha ni gharama.

Ndio maana mimi ningeanzia Muhoroni, kwenye kiwanda cha spiriti ya molasi. Molasi ikichachushwa, kila tani ya spiriti inatoka na karibu tani nzima ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ni safi kuliko ya mvuke au ya bomba la moshi. Stima ya haidrojeni ingetoka Olkaria usiku, watu wakishalala na mahitaji yakishuka, manake saa hizo kuna mvuke unaachiliwa tu hewani bila kazi.

Na tafadhali, mkiandika methanoli waambieni watu haionjwi. Tunakumbuka 2014 hapa Kenya, makumi walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyotiwa hiyo kitu.

Mkimhoji tena huyo mwanakemia, muulizeni haidrojeni anatoa wapi, kichocheo chake kimefanya kazi masaa mangapi mfululizo kabla ya kuchoka, na kama gesi aliyotumia ilikuwa ya mtungi, safi, ama ilitoka kiwandani na uchafu wake wote. Hilo la mwisho ndilo nangoja sana kusoma.

Fundi wa maabara,
Nakuru