Simu haiwezi kukukariria mantra

Mhariri,

Makala yenu kuhusu programu za simu zinazopiga sauti ya Om, silabi takatifu ya Wahindu, ili msikilizaji apate usingizi imenifurahisha kidogo na kunikera zaidi. Ni nadra gazeti la Kiswahili kuugusa Uhindu bila kuishia kwenye vyakula na rangi za Holi, na kwa hilo nashukuru. Lakini mwandishi ameigeuza mantra, yaani maneno matakatifu ya kukaririwa, kuwa kidonge. Tena anashauri kwamba ukiacha kifaa kikiimba Gayatri, mantra mashuhuri ya Veda, usiku kucha chumbani, faida ni ileile na ya mtu anayeikariri mwenyewe. Mimi ni Mhindu, na kwa miaka mingi nimefundisha watoto kughani Kisanskriti. Faida si ileile.

Wanafikra wa Mimamsa, moja ya shule kongwe za falsafa ya Kihindu, walishikilia kwamba Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, hazina mtunzi, awe binadamu au Mungu. Sauti ya maneno yake ni ya milele. Sisi tunaidhihirisha tu kwa ulimi na pumzi. Bhartrihari, mwanasarufi aliyeishi yapata karne ya 5, alikwenda mbali zaidi: alianza kitabu chake, Vakyapadiya, kwa kusema kuwa Brahman, kile kisicho na mwanzo wala mwisho, asili yake ni neno, na ulimwengu wote unachipuka humo. Anayeamini hivyo haisikilizi mantra ili atulie. Kwake sauti ile ni uwepo wenyewe wa kile anachokiabudu. Akitulia, heri, lakini si hilo lililomwamsha alfajiri.

Ndiyo sababu ya ukali wa mafunzo. Rig Veda, iliyo kongwe kuliko Veda zote, ina nyimbo 1,028, zenye beti zaidi ya 10,000, nazo kwa karne nyingi zimehifadhiwa vichwani, kutoka kinywa cha mwalimu hadi sikio la mwanafunzi. Kila silabi ina kiwango chake cha sauti: ya juu, ya chini, au inayoshuka. Ili neno lisipotee wala lisiongezeke, mwanafunzi hufundishwa kuyapanga maneno yaleyale kwa mitindo kadhaa. Mgumu kuliko yote unaitwa ghana. Chukua maneno matatu: unakariri la kwanza na la pili, kisha la pili na la kwanza, kisha la kwanza-pili-tatu, kisha tatu-pili-kwanza, kisha kwanza-pili-tatu tena. Halafu unasogea neno moja mbele na kuanza upya. Jaribu kwa sentensi yoyote ya gazeti hili, uone utafika wapi kabla ulimi haujajifunga. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza ughani wa Veda kuwa moja ya kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake ya urithi huo. Kwa maoni yangu walichelewa, lakini tuyaache hayo.

Watoto wanapozembea huwasimulia kisa cha Tvashtri, fundi wa miungu. Indra, mfalme wa miungu, alimwua mwana wa Tvashtri, naye Tvashtri akafanya kafara apate mtoto mwingine atakayemwua Indra. Maneno aliyatamka yote, ila mkazo akauweka pasipo pake, na lile neno lililokusudiwa kumaanisha mwuaji wa Indra likawa mwenye kuuawa na Indra. Mtoto akazaliwa, jina lake Vritra, na Indra akamwua. Darasa hucheka, kisha huketi vizuri.

Hata Gayatri, inayopatikana katika kitabu cha 3 cha Rig Veda, ina jambo ambalo wapenzi wa ushairi wa Kiswahili watalipenda. Ni mishororo mitatu yenye mizani 8 kila mmoja, jumla 24. Aliyezoea utenzi anaijua hiyo 8. Lakini hesabu mshororo wa kwanza kama ulivyoandikwa, "tat savitur varenyam", utapata mizani 7. Ndiyo maana husomwa "vareniyam". Inayokosekana ulimi unairudisha, na hilo hulijui mpaka mtu akutamkie.

Kuhusu Om, mwandishi amesema ni mtetemo unaotuliza. Sawa. Mandukya, moja ya Upanishadi, yaani maandiko ya falsafa ya Veda, fupi mno yenye aya 12 tu, inasema mengi zaidi: A ni hali ya kuwa macho, U ni ndoto, M ni usingizi mzito usio na ndoto. Halafu kuna ya nne, isiyo na herufi, ule ukimya unaofuata midomo ikishafumba. Hiyo ya nne ndiyo inayotafutwa. Sasa programu inayorudia Om mfululizo bila kupumua imeondoa kilicho kikubwa kuliko vyote.

Japa, yaani kukariri mantra kwa hesabu, ni kazi ya mwili. Mimi hutumia tasbihi ya punje 108 za mti wa mtulsi, kama wafanyavyo wengi wanaomwabudu Vishnu. Waumini wa Shiva hupendelea rudraksha, mbegu za mti mwingine. Mkono huingia ndani ya gomukhi, mfuko mdogo wa kitambaa, watu wasione unafika wapi. Kidole cha shahada hakigusi punje. Ukifika kwenye punje kubwa, meru, huivuki. Unageuza tasbihi na kurudi ulikotoka. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inapanga daraja: japa ni bora mara 10 kuliko kafara, ya kunong'ona mara 100, ya moyoni mara 1,000. Kwa hiyo daraja ya juu haina sauti ya kusikika kabisa. Kifaa kitarekodi nini hapo?

Nisije nikaonekana nausifia uzio wote wa kanuni hizi, maana uzio huohuo uliniacha nje. Kwa desturi, Gayatri hunong'onezwa sikioni mwa mvulana siku ya kuvishwa uzi mtakatifu. Wasichana, na watu wa tabaka la chini, waliambiwa wasiiguse. Mzee mmoja wa ukoo wetu alinikataza waziwazi, na sikumtii. Leo mjini Pune wanawake wanafunzwa na kuendesha ibada kama makuhani, wanazighani mantra za Veda mbele ya watu, na mbingu haijaanguka. Sauti iliyotunzwa kwa uangalifu wa ajabu ilinyimwa watu kwa uangalifu uleule. Ni aibu, na nadhani inafaa tuitaje sisi wenyewe.

Wapo waliolipinga hilo zamani. Masimulizi yanasema Ramanuja, mwalimu mkubwa wa Kitamil, alirudishwa mara 18 kabla ya kupewa mantra ya silabi nane ya Narayana, yaani Vishnu, kwa sharti la kuificha. Akapanda juu ya hekalu la Thirukoshtiyur na kuwatangazia watu wote. Mwalimu wake alipomwambia ataingia motoni, alijibu kwamba ni sawa, ikiwa wale wengine wataokoka. Karne kadhaa baadaye, huko Bengal, Chaitanya (1486–1534) alitoka na ngoma na matoazi barabarani, watu wakaimba majina ya Krishna bila kuulizwa tabaka. Kirtan, yaani uimbaji huo wa pamoja, haidai mkazo kamili wala uzi begani.

Hapo ndipo ninapolijibu swali la mwisho la makala yenu, kama asiye Mhindu anaruhusiwa kutamka haya. Majina ya Mungu katika kirtan, imba. Hakuna atakayekufukuza, na sauti mbovu huzama ndani ya sauti za wengine. Mantra za Veda, tafuta mwalimu mwenye masikio makali. Atakukatiza kwenye neno la kwanza, na mtakaa hapohapo kwa muda.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa Kisanskriti