Ripoti ya CT scan ya kifua iandikwe vipimo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi madaktari wanaosoma picha za CT scan: mtoto mwenye kifua kilichobonyea anapopigwa picha kwa ajili ya kupanga upasuaji, vipimo vya kifua chake viandikwe kwenye ripoti, na mzazi apewe CD yenye picha zote.

Mwanangu ana miaka 15. Akilala chali baada ya kuoga, maji hutuama katikati ya kifua chake, na tangu darasa la sita hajawahi kuvua fulana mbele ya wenzake. Mwaka jana tulijichanga tukalipia CT scan. Ripoti ilikuja na mistari minne: mapafu ni mazima, hakuna uvimbe, hakuna maji, mfupa wa kidari umeingia ndani. Hilo la mwisho tulikuwa tunaliona kwa macho. Daktari bingwa wa upasuaji alitafuta vipimo asivione, akaomba CD ambayo hatukupewa, na tuliporudi kituoni tukaambiwa picha zimeshafutwa. Mtoto akapigwa mionzi mara ya pili.

Safari hii daktari alituita kwenye kompyuta. Alichagua picha inayoonyesha pale palipobonyea zaidi, akapima upana wa ndani wa kifua, sentimita 24, kisha nafasi kati ya mfupa wa kidari na uti wa mgongo, sentimita 6. Akagawa, akapata 4. Hiyo ndiyo fahirisi ya Haller, namba inayoonyesha kifua kimebonyea kiasi gani, iliyoelezwa mwaka 1987. Kifua cha kawaida huwa karibu na 2.5, na ikizidi 3.25 madaktari wengi huanza kufikiria upasuaji, ingawa namba peke yake haiamui, kwani huangaliwa pia pumzi, moyo na jinsi mtoto mwenyewe anavyojisikia. Alituonyesha pia moyo uliosukumwa kushoto, na mfupa wenyewe ulivyopinda upande mmoja. Katika upasuaji uliobuniwa na Donald Nuss, chuma kilichokunjwa hupitishwa nyuma ya mfupa huo, mbele kabisa ya moyo, kisha hugeuzwa ili kiuinue mfupa, na huachwa humo miaka 2 hadi 4. Daktari atapitishaje chuma mahali hapo bila kujua nafasi iliyopo ni kiasi gani?

Ripoti itaje pia kama mtoto alikuwa amevuta pumzi au ameitoa, kwa sababu akiitoa kifua husinyaa na namba hupanda. Wala siombi kila mtoto apelekwe CT scan. Ambaye hafikiriwi kupasuliwa hana haja nayo, na anayepigwa apimiwe mionzi kidogo inayolingana na mwili wake.

Kupima upana na nafasi hiyo kulimchukua daktari dakika chache. Mwanangu sasa anasubiri tarehe ya upasuaji, na vipimo vyake nimevinakili kwa kalamu nyuma ya daftari lake la kliniki.

Mzazi,
Morogoro