Mahakama ya wanafunzi, na viranja wetu

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mama Jeni,

Habari za Kondoa? Sisi wazima, na upepo wa Dodoma mzima vilevile, unadeki asubuhi na saa nne unaandika jina lako kwenye vumbi. Naandika mbiombio, kikao cha walimu ni Alhamisi.

Mkuu amekubali! Muhula mmoja wa majaribio: utoro wa vipindi, kuchelewa, matusi na ugomvi mdogo visikilizwe na wanafunzi wenyewe. Makubwa yabaki kwetu na bodi. Mwalimu Pasua alicheka mpaka chai ikampalia. Eti kidato cha pili watahukumu nini. Kanuni ya viboko anaijua tangu 2002: visizidi vinne, mkuu aidhinishe kwa maandishi, viandikwe kitabuni. Sasa kifungue hicho kitabu uone kurasa zilivyo nyeupe pee. Haya, nimwache.

Kinachoninyima usingizi ni viranja. Kusikia tu neno mahakama, wamejigawia viti. Kiranja mkuu ndiye hakimu, wenzake wazee wa baraza. Yaani anayeandika majina ya wapiga kelele ndiye huyohuyo mshtaki, shahidi na hakimu! Wiki iliyopita wakajaribu kesi ya binti wa kidato cha kwanza aliyechelewa paredi. Hawakumwuliza hata anatokea wapi. Wakampa kuchota maji wiki mbili na kuomba radhi mbele ya shule nzima. Mimi ningempa kufagia darasa, basi. Fimbo ya Pasua angalau inaisha siku hiyohiyo (usimwambie nimesema).

Unamkumbuka yule daktari wa Poland tuliyemsoma kwenye somo la malezi chuoni, Janusz Korczak? Kwenye nyumba yake ya yatima, Warsaw, watoto walikuwa na mahakama yao. Mahakimu walipatikana kwa kura ya bahati nasibu, kutoka kwa wale ambao hawakushtakiwa wiki hiyo. Na vifungu vyake vilianza na msamaha: mpaka cha 99 ni kuachilia na kusamehe tu, na kufukuzwa kulikaa mbali huko, kifungu cha 1000. Mwenyewe alijishtaki mbele ya watoto zaidi ya mara moja. Hilo la mwisho mkuu sijamwambia.

Ninachotaka ni hiyo kura. Kiranja akishaleta kesi, akae kwenye benchi la mashahidi. Na kule Odessa, Texas, walikoanzisha mahakama yao ya vijana mwaka 1983, kijana aliyepewa adhabu anarudi baadaye kukaa kwenye jopo la kusikiliza kesi za wenzake. Nawaza yule binti wa maji akikaa pale siku kiranja kachelewa… Lakini viranja wakisusa, nani atasimamia usafi? Mkuu anawaogopa kuliko sisi, nawe unajua kwa nini.

Sasa, Baba Jeni si alikaa baraza la kata miaka ile? Anaweza kuja Jumamosi awaonyeshe watoto namna ya kusikiliza pande zote mbili kabla ya kufungua mdomo? Nauli nitatuma, na wali wa Bahi upo. Kwenu kesi za wanafunzi anasikiliza nani? Mwalimu akilalamikiwa mnafanyaje? Halafu Mama Tatu kahamishiwa Kongwa kweli, au ni maneno ya ofisini? Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa ujumbe wa simu.

Wako,
Mama Chris