Tusiwanenepeshe Labrador wetu kwa huruma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwetu tunaofuga mbwa aina ya Labrador hapa Kigoma ni jambo la uhai wa mnyama: unene. Nikipita Mwanga, Katubuka au Bangwe nawaona mbwa hawa nyuma ya mageti, na wengi wao wana mgongo bapa kama meza, tumbo lililoshuka na pumzi inayowakatika kabla jua halijapanda. Wenyewe husema kwa fahari kwamba mbwa amenona. Kunona ni sifa ya mbuzi anayesubiri sikukuu, wala sioni kwa nini tumpe sifa hiyo mnyama tunayetaka aishi nasi miaka mingi.

Nami nilikuwa na fahari hiyo hiyo. Dume wangu, Simba, alipotimiza miaka sita alianza kusita mbele ya ngazi tatu za baraza, akiinua mguu mmoja na kuurudisha chini, na mimi nikadhani uzee umemwahi. Mtaalamu wa mifugo niliyempelekea alimdunga sindano ya vitamini akaturuhusu turudi nyumbani, bila kumgusa mbavu wala kuuliza anakula nini. Aliyenifumbua macho ni mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, aliyekubali nitumie mizani yake ya magunia. Simba alipanda kwenye ubao, akalamba vumbi la dagaa lililobaki pale, akakaa kitako, na yule bwana akasogeza jiwe la mizani taratibu mpaka mkono ukatulia kwenye kilo 44. Akaniambia, “Mzee, huyu ni karibu nusu gunia.” Dume wa Labrador anatakiwa awe na kilo 29 hadi 36, na jike kilo 25 hadi 32. Mbwa wangu alikuwa akipanda ngazi zile huku amebeba mzigo wa kilo nane au zaidi ambao hawezi kuutua.

Ndugu zangu wafugaji watajitetea, kama nilivyojitetea, kwamba Labrador hashibi na kwamba ni dhambi kumwona mnyama akikutazama kwa macho yale ukamnyima. Ni kweli wengi wao hawashibi, na sehemu ya sababu yake imeshapatikana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, ambayo kazi yake mojawapo ni kuuarifu ubongo kwamba mwili umepata chakula cha kutosha. Mwenye hitilafu hiyo hubaki na njaa hata bakuli likiwa tupu na tumbo limejaa, na kila nakala ya hitilafu anayoirithi huambatana na ongezeko la kilo mbili hivi. Kwa hiyo macho yale hayatuambii kwamba mbwa anahitaji kula. Kiasi cha chakula chake lazima kiamuliwe na sisi, kwa sababu yeye hana chombo cha kukiamulia.

Na sisi wa Kigoma tuna mtego wetu wa pekee, nao ni mawese. Mbwa wa nyumba nyingi hula ugali wa muhogo uliochanganywa na mabaki ya mchuzi wa migebuka au dagaa, na mchuzi wetu hauishi mawese. Kijiko kimoja cha kulia chakula cha mafuta hayo kina kalori 120 hivi, wakati Labrador wa kilo 30 asiye na kazi nzito anahitaji takriban kalori 1,400 kwa siku nzima. Mabaki yenye vijiko vitatu vya mawese yameshampa robo ya mahitaji yake kabla hatujahesabu ugali wenyewe, na ugali wa muhogo ni wanga mtupu usiomjengea misuli. Nyongeza ndogo ndogo, yaani tonge la mtoto, kipande cha mkate wa asubuhi na kichwa cha samaki cha mpita njia, hazitakiwi kuzidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Nyumbani kwangu, nilipoanza kuzihesabu, zilikuwa karibu theluthi. Niongeze hapa kwamba mchuzi wenye vitunguu haumfai mbwa hata kidogo, kwa kuwa kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Asiye na mizani anao mkono. Kunja ngumi, upapase vifundo vyake. Kisha nyoosha vidole, upapase mgongo wa kiganja. Mwisho geuza mkono, upapase kiganja chenyewe pale penye nyama. Sasa pitisha vidole kwenye mbavu za mbwa wako bila kukandamiza. Zikihisika kama vifundo vya ngumi, amekonda. Zikihisika kama mgongo wa kiganja, yuko sawa. Zikihisika kama kiganja, amezidi. Ukimtazama kutoka juu akiwa amesimama uone kiuno nyuma ya mbavu, na ukimtazama ubavuni uone tumbo limepanda kuelekea mapajani. Mimi hufanya hivyo kila Jumapili.

Kupunguza kuwe kwa taratibu, asilimia moja hadi mbili ya uzito kwa wiki, na mbwa asishindishwe njaa. Kwa Simba tuliacha mawese kabisa, tukapunguza ugali kwa nusu, tukaongeza dagaa wasio na chumvi waliooshwa mchanga na kuchemshwa, pamoja na boga la kuchemsha ili bakuli lisionekane tupu. Chakula hupimwa kwa kikombe kimoja kile kile na mtu mmoja, maana kabla ya hapo mimi nilimlisha, mama wa nyumbani akamlisha, na mjukuu akamlisha. Matembezi ni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya joto. Ilichukua miezi mitano kufika kilo 35, na wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu mno, kwani alilala mlangoni mwa jiko akilia kwa sauti ya chini, na mjukuu wangu akalia naye.

Wanaouliza kama mateso hayo yana faida wapewe matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 ya utafiti wa kampuni ya Purina ya Marekani, ambayo yenyewe huishi kwa kuuza chakula cha mbwa. Labrador 48 waligawanywa wawili wawili wa uzao mmoja, na tangu utoto hadi kufa mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Umri wa kati wa kuishi kwa waliopunguziwa ulikuwa miaka 13, na kwa wenzao miaka 11.2, tena maumivu ya viungo yaliwachelewa. Ni karibu miaka miwili ya kuishi na rafiki yako, tena akitembea bila kuchechemea, na haikununuliwa kwa dawa yoyote.

Ombi langu kwa maafisa mifugo wa mkoa wetu ni moja. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa ndizo siku pekee ambazo mbwa wengi wa mjini hufikishwa mbele ya mtaalamu. Basi mtaalamu akishamaliza kuchoma sindano, apitishe vidole vyake kwenye mbavu za mbwa, kisha auchukue mkono wa mwenye mbwa na kuuweka pale pale, ili naye ahisi. Haitachukua nusu dakika, wala haihitaji bajeti.

Wako,
Mfugaji wa Mwanga,
Kigoma.